Dada Yangu na Mfupa Uliogoma Kuunga

Nilianguka toka juu ya bati, nyumbani kwangu Mtoni, nikiziba tundu ambalo fundi angeliziba kwa nusu saa. Ugoko ukavunjika. Nikaanzia Tandale, kwa mganga wa mifupa nyuma ya soko. Yeye alimvunja kuku mguu, akatufunga vijiti wote wawili, mie na kuku, akasema siku kuku atakapotembea na mie nitatembea. Kuku alipona vizuri sana. Nampongeza.

Mie nikaishia hospitali. Picha ikaonyesha mfupa umegoma kuunga, katikati pengo. Daktari, binti wa rika la mjukuu wangu, akanieleza kuwa ndani ya uboho wa nyonga mna seli shina, ambazo bado hazijachagua kazi. Watazivuta kwa sindano, wazitie kwenye pengo, na zikishawishiwa vizuri zitakuwa mfupa. Miaka yote nawasema vijana wa Manzese wanaoshinda kijiweni, kumbe na mie nimewafuga nyongani. Nikifika nyumbani, akasema, nisimame na magongo kila siku, niuegemee mguu kidogo kidogo, maana ule uzito ndio unaoziambia zigeuke mfupa. Pengo lisipoziba, tutazungumza habari ya kuukata mguu.

Sindano ya nyonga sitaisimulia. Nililia, na jandoni huko kwetu kusini sikulia, au ndivyo nilivyowaambia wanangu.

Dada yangu mkubwa alikuwa amehamia kwangu kuniuguza, na kwake mgonjwa ana sheria zake: analala, anafunikwa kanga, anaongea kwa sauti ya chini, wageni wanakaa mkekani wanampa pole. Mgonjwa aliyesimama anawavunjia heshima waliomjia. Nikishika magongo, wageni wananipokonya, wananilaza, dada anawashukuru. Mwishowe akayafanya ya kuanikia nguo. Na mie, niseme kweli, nilipenda. Supu ya pweza inakufuata kitandani, usimame unakwenda wapi?

Baada ya wiki sita daktari akaniuliza kama nasimama. Nikasema kila siku, asubuhi na jioni. Hakubisha. Aliushika unyayo wangu, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Babu, huu unyayo laini kama wa kichanga. Ulikuwa unasimamia nini?"

Kwenye picha pengo lilikuwa lilelile, jeusi. Akasema ananipa wiki sita nyingine, na zaidi ya hizo hana.

Jumapili wageni walipojaa, nikaomba magongo yangu.

"Mdogo wangu," dada akasema, "watu wamekuja kumwona mgonjwa."

"Watamwona amesimama."

Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno. Wageni wakainamisha macho kama vile nimevua nguo. Dada akafunga mzigo siku ileile, akasema yeye hauguzi mtu mzima wa afya, akaenda kwa binti yake. Nikabaki nasimama jikoni peke yangu, asubuhi na jioni, nikijikorogea uji wenye mabonge.

Picha iliyofuata daktari aliiinua kwenye mwanga, akanionyesha utando mweupe katikati ya pengo, mwembamba kama moshi wa ubani. Nikamuuliza kama ndio mfupa.

"Bado, babu. Lakini zimeanza kazi. Mguu hatuukati."

Nikampigia dada simu palepale, niko koridoni. Akauliza nimelala au nimesimama. Nikamwambia nimesimama. Akasema basi sina haja ya kuulizwa hali.