Mwazima Jembe Hulirudisha: Wimbo wa Apendi wa Mulanda

Jogoo wa Mulanda wamechelewa leo, lakini Apendi hajachelewa. Ndiyo kwanza kunapambazuka, naye amepiga magoti mbele ya jiwe lake la kusagia, wimbi na muhogo mkavu vikigeuka unga mikononi mwake. Anaimba. Jirani zake husema saa ya ukutani ni ya watu wasiomjua Apendi.

Mjane huyu wa miaka arobaini na mitano huuza unga wa shilingi mbili siku ya soko, tatu akibahatika. Hata hivyo, si unga uliomfanya ajulikane kutoka Tororo hadi Busia. Ni wimbo, tena wimbo uliowahi kumponza.

Mwaka 1942 lori la jeshi lilikuja kuchukua vijana wa kupelekwa kwenye vita vya Wazungu. Mumewe, Owor, alikuwa juu ya nyumba akiezeka nyasi mpya. Aliamriwa ashuke, akapandishwa lorini, paa likabaki nusu.

“Mvua nanyesha ndani, mimi nasaga, nalia,” asema. “Halafu kilio nageuka wimbo. Sikuita, ilikuja yenyewe.”

Aliutunga kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao. Kwa Kiswahili ni hivi:

*Mligombana huko kwenu,
mkaja kuazima wana wetu.
Mwazima jembe hulirudisha:
mrudisheni Owor, nyumba yavuja.*

Chifu wa gombolola, yaani tarafa, wa siku zile aliusikia, akawaka. Akauliza nani katunga.

“Nikasema ni mimi, na jiwe pia ni yangu,” asema Apendi, akicheka mpaka kifua kinatikisika.

Alihukumiwa siku ishirini na moja za kuchimba barabara ya Busia. Chifu alijipalia makaa mwenyewe. Barabarani walikuwako Waiteso wa Merikit na Wasamia wa upande wa Tiira, na sululu bila wimbo haiendi. Wiki haikuisha kabla kila mmoja hajauimba kwa lugha yake, akitia jina la mtu wake na kazi aliyoiacha.

“Mimi nikaweka mtoto yangu, Ojulong,” asema Akwi, mkulima wa Merikit aliyechimba naye. “Aliacha ng'ombe na kamba shingoni.”

Lori liliporudi mwaka uliofuata, Mulanda nzima ilisimama njiani ikiimba. Liliondoka na vijana wawili tu.

Mwezi ujao, Novemba 1953, jiwe la kuwakumbuka waliokufa vitani litafunuliwa Tororo mbele ya DC, mkuu wa wilaya. Chifu wa sasa, mtu mpole, amemtuma karani: Apendi aimbe, ila aache majina. Wasiorudi ni kumi na tisa, na Bwana DC ana haraka. Jiwe lenyewe halina jina hata moja.

Karani aliongeza kwamba akikaidi, asishangae nafasi yake sokoni ikipewa mtu mwingine. Apendi hula kwa nafasi hiyo. Lakini Owor hana kaburi. Jina lake linakaa katika wimbo huo tu.

Amekwisha kumpelekea habari Akwi, na wanawake wa Tiira wameitika. Anataka wasimame pamoja, kila mmoja amwite wake.

“Yote kumi na tisa tutaita, polepole,” asema, akikung'uta unga mikononi. “Kama Bwana DC iko na haraka, atangulie nyumbani. Sisi tumengoja Owor miaka kumi na moja.”