Kiti Kilichonisahaulisha Barabara

Mwaka ule nilikuwa ninakula nimesimama. Mke wangu aliniwekea sahani juu ya kabati la vyombo, nami nikamega obusuma, ugali wetu, nikiwa nimeegemea ukuta, watoto wamekaa wakiniangalia kama mgeni aliyekataa kukaribishwa. Nilikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini nikichanja kuku na kutibu ng'ombe, na wananchi waliniita daktari bila kujali cheo changu. Pikipiki niliyopewa kazini ilikuwa nzima kila mahali isipokuwa pale nilipokalia. Sponji ilikuwa imelala, ngumu na nyembamba kama mkate wa juzi, na chini yake lilikuwa bati.

Jumatatu nilikwenda Iguhu, Jumatano Shianda, Ijumaa Malava, na siku zilizobaki popote ng'ombe alipoangukia. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini na barabara zetu za ndani zilikuwa mawe na mashimo tu. Jioni mke wangu alichemsha maji ya chumvi akayamwaga kwenye karai nikae ndani yake. Hapo ndipo tuliposikilizia taarifa ya habari, mimi karaini, yeye juu ya kigoda, akijitahidi asinicheke.

Ni yeye aliyenituma kwa fundi wa makochi. Alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na karakana yake ilikuwa nyuma ya soko la Kakamega mjini. Nilidhani angepima kiti, aseme niache pikipiki, nirudi kesho. Badala yake aliniambia nikae juu ya pikipiki humo humo karakanani, naye akaendelea kushona kochi la mtu. Saa nzima ilipita. Kisha akanieleza alichokiona: kwamba ninaegemea kushoto, kwamba kila baada ya muda ninateleza kuelekea tangi la mafuta, na kwamba uzito wangu wote unabebwa na mifupa miwili tu. Akajaza mfuko kwa vumbi la mbao lililoloweshwa, akauweka juu ya benchi, akaniambia niukalie bila kujitikisa. Nilipoinuka akaitazama alama niliyoiacha, akaitazama muda mrefu, akipitisha kidole kwenye kingo zake.

Kazi ilimchukua siku nne. Alilifunga lile bati kwa mikanda ya tyubu za baiskeli, akiisuka kama kitanda cha kamba. Juu yake akagandisha sponji ngumu, ile ya kuwekwa kwenye viti vya baa, akaichonga kwa kipande cha msumeno. Katikati akachimba bonde ili mfupa wa mkia uning'inie bila kugusa kitu. Mbele akapunguza upana mapaja yasisuguliwe, nyuma akainua kidogo. Mwisho akatandika sponji laini na kuvisha ngozi bandia nyeusi, mishono yote ikiwa pembeni. Kila siku niliitwa nikae, niinuke, achonge kidogo, nikae tena.

"Kiti kizuri, daktari, ni kile mwenyewe anachokisahau," aliniambia aliponikabidhi.

Wiki hiyo nilikula mezani. Nilikwenda hadi Shianda na kurudi bila kusimama njiani kunyoosha mgongo, na mke wangu akaligeuza lile karai kuwa la kufulia.

Mara ya kwanza kupotewa na barabara ilikuwa huko huko Shianda. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, mvua ya alasiri haijajikusanya bado. Pande zote mbili miwa ilikuwa imefunga, mirefu kuliko mtu. Nakumbuka trekta lililobeba miwa likinipita, nakumbuka nikifumba mdomo kwa sababu ya vumbi lake. Baada ya hapo nilikuwa sokoni, injini inanguruma taratibu, mguu mmoja chini, na mama muuza nyanya ananiuliza kama ninanunua au ninamzibia wateja. Kati ya trekta na nyanya hapakuwa na kitu. Niliwaza kwamba kila dereva huzama kwenye mawazo, nikaenda zangu kazini.

Mara ya pili ilikuwa Malava. Niliondoka mjini asubuhi, nikapita kituo cha mafuta, nikaanza kuukaribia msitu pale barabara inapoukata katikati. Mbega walikuwa wamekaa juu ya matawi, mikia yao myeupe ikining'inia, wala hawakukimbia. Jambo la pili ninalolikumbuka ni kwamba nilikuwa Malava, nimeegesha pikipiki, kofia ngumu iko mapajani. Nilitazama saa yangu. Nilikuwa nimechelewa karibu nusu saa. Nikatazama kipimo cha kilomita, kwa sababu kazini tulitakiwa kuandika safari zetu, na kilikuwa kimezidi kwa kilomita kumi na moja.

Sikumwambia mtu.

Ijumaa iliyofuata, nilipokuwa nikifunga chombo cha dawa pale sokoni Malava, mama mmoja alinijia na kuku aliyefungwa miguu. Nilimjua. Niliwahi kumtibia ng'ombe nyumbani kwake, kilomita tano au sita ndani kutoka barabara kuu. Akanipa kuku mikononi.

"Daktari, hii ingokho ni yako. Nilimkuta," akasema.

Nikamuuliza alimkuta nani. Akaniangalia kwa mshangao mdogo. Akasema dada yake, si ndiye niliyemletea habari zake? Alikuwa amelazwa Iguhu kama nilivyosema, kitanda cha dirishani kama nilivyosema, na alikuwa hajaonwa na mtu wa kwao tangu alazwe. Walikuwa hawajasemezana miaka minne kwa sababu ya maneno ya msibani. Sasa walikuwa wamesemezana.

Nilishika yule kuku nisijue la kumfanya. Nikamwomba yule mama, kama mtu anayetaka tu kuthibitisha, anieleze nilivyofika. Akasema nilifika asubuhi, nikasimama uani, sikushuka, sikuzima injini. Alinikaribisha maji nikatikisa kichwa. Nilitoa habari, nikageuza pikipiki, nikaondoka.

"Nilishangaa kitu kimoja tu," akaongeza. "Uliniita jina langu la utotoni. Hapa nilipoolewa hakuna mtu analijuanga. Na uliongea kama mtu wa kwetu, si kama unavyoongeanga siku zote."

Mimi ni mtu wa upande wa kusini, na Kikabras chao huwa ninakikatakata kiasi cha kuchekwa. Nilimshukuru kwa kuku. Nilimfunga nyuma ya pikipiki nikarudi Kakamega nikiimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa njia nzima, ili nijue niko wapi.

Jumatatu, baada ya kazi Iguhu, niliingia hospitalini saa ya kuona wagonjwa. Sikuhitaji kuuliza sana. Kitanda cha dirishani kilikuwa na mama mwembamba wa umri wa mama yangu, sura ile ile ya yule wa Malava, shuka limevutwa hadi kifuani. Dirisha lake lilitazama barabara. Nikamsalimu, nikajitambulisha kwamba mimi ni daktari wa ng'ombe na ninamjua mdogo wake. Nikamuuliza kama alinituma, au kama kuna mtu aliyemtuma aje anieleze mimi.

Akaitazama kofia ngumu iliyokuwa mkononi mwangu.

"Sikutuma mtu," akasema. "Sikuwa na wa kutuma. Nilikuwa ninalala hapa nasikia pikipiki inapita kila Jumatatu, asubuhi inakwenda, mchana inarudi. Wakati sina usingizi nilikuwa naiambia tu hiyo pikipiki. Nilikuwa naiambia iende kwa mdogo wangu."

Muuguzi alipita na kigari cha dawa, tukamsubiri apite.

"Ulifika?" akaniuliza.

"Nilifika, mama."

Akafumba macho kama mtu aliyewekewa kitu baridi kwenye homa. Nilikaa naye kidogo kwenye ukingo wa kitanda, kisha nikatoka nje, nikasimama mbele ya pikipiki yangu nisitake kuipanda. Niliipanda kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kufika nyumbani.

Siku hiyo nilimweleza mke wangu yote. Alisikiliza akichambua mboga. Maoni yake yalikuwa mafupi: kwamba ninalala nikiwa nimefumbua macho, kwamba maumivu ndiyo yaliyokuwa yakiniweka macho miaka yote, na kwamba siku moja nitaamkia chini ya trekta la miwa. Habari ya jina la utotoni hakuigusa. Lakini asubuhi nilimkuta uani, ameweka kiganja juu ya kile kiti, midomo inatembea.

Sina budi kusema ukweli. Sikukiondoa kiti mara moja. Nilikuwa na hofu, lakini ndani ya hofu kulikuwa na kitu kingine kilichokaribia fahari. Nilianza kupunguza mwendo nikipita hospitalini, kama mtu anayewaachia abiria nafasi ya kupanda. Mara mbili zaidi nilipotewa na barabara katika majuma yale, na mara zote mbili nilipojipata nilitazama uso wa kila niliyekutana naye, nikingoja wa kunishukuru. Hakuja mtu.

Kisha nikaenda kwa mkulima mmoja wa miwa karibu na Shianda. Nilikuwa nimemtibia mifugo kwa miaka, na desturi yake ilikuwa kunipokea getini kwa mzaha na kunilazimisha chai. Siku hiyo aliiona pikipiki kwa mbali, akaja mwenyewe kwa miguu, akafunga geti kwa mnyororo. Nikadhani hajanitambua. Nikavua kofia. Nikamwambia jirani yake amenieleza kwamba mtamba wake amevimba shingo.

"Hapana mgonjwa hapa," akasema.

Nilimwona yule mtamba nyuma yake, amefungwa kwenye kigingi, shingo imevimba kweli. Nikamuuliza nimemkosea nini.

"Kama una neno lingine, peleka kwa mwingine," akasema, bila hasira. "Lile uliloniletea mwezi uliopita bado sijaambia mtu. Hata mke wangu."

Nikamuuliza neno gani, na lini. Alinikagua usoni, nadhani akitafuta kama ninamdhihaki. Akasema ilikuwa Jumatano, saa sita, kabla ya mvua, na kwamba nilisimama hapa hapa nilipo. Aligeuka akaingia ndani, akifunga mlango polepole, na nilisikia komeo likisukumwa. Niliacha chupa ya dawa ya mtamba juu ya nguzo ya geti. Hadi leo sijui nilimwambia nini yule mtu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi. Nilimkuta akivuta uzi kwa meno. Nilimweleza kwa ufupi, nikiona haya, kwamba kiti kinanilaza njiani. Sikumweleza mengine, lakini naye hakuniuliza maswali ambayo ningeyatarajia. Alifungua ngozi, akainua ile sponji laini, akatia mkono kwenye bonde alilolichimba na kuuacha humo kwa muda.

"Hakuna kitu hapa. Ni sponji tu," akasema, ingawa sikuwa nimesema kuna kitu. Kisha akaniuliza, "Nipunguze kiasi gani?"

"Mpaka niumie."

Akachukua kipande cha tairi kuukuu, akakikata kwa umbo la lile bonde, akalijaza. Sponji laini akaitupa pembeni. Nikakaa.

"Unaumia?"

"Bado."

Akachonga tena nyuma, akashusha ule mwinuko aliokuwa ameufanyia kazi siku nzima. Nikakaa tena. Mifupa yangu miwili ikakutana na mpira.

"Sasa?"

"Sasa ndiyo," nikasema, naye akaanza kushona.

Barabara haikunipotea tena. Kila shimo kati ya Kakamega na Malava nilijua lilipo, na jioni karai lilirudishwa kazini. Mke wangu alisema afadhali hivyo.

Miezi michache baadaye yule mama wa kitanda cha dirishani, ambaye alikuwa ameruhusiwa na kurudi nyumbani kwake huko huko karibu na Iguhu, alizidiwa na kufariki. Habari zilinifikia siku ya tatu, mjini, kama zilivyowafikia watu wengine, kwa mtu aliyekuwa akitafuta gari la kwenda matangani. Nilikwenda mazishini. Mdogo wake wa Malava alikuwa amefika asubuhi ile ile, amechelewa kumkuta hai, vumbi la safari bado liko kwenye kitambaa chake cha kichwa. Alikuja akakaa kando yangu kwenye benchi. Tulisikiliza wimbo mmoja hadi mwisho.

"Daktari, juzi hukusafiri?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikamwambia nilisafiri. Nilikuwa Shianda, ninachanja kuku.

Akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa, akanyoosha leso yake juu ya magoti, akaikunja mara nne.