Siku ya Kusomewa Mifupa ya Baba Neema

Dada zangu wa kikundi, mnivumilie kwa mwandiko huu na maneno niliyokosea. Shule niliachia darasa la nane, na kalamu bado hunichosha vidole. Mliuliza kwa nini sikuja huko kijijini kwa mkutano wa mwezi huu. Mume wangu amepatikana na saratani ya tezi dume. Jumanne tulikwenda kutafuta jibu moja tu: imebaki pale ilipoanzia, au imeingia kwenye mifupa?

Saa kumi na mbili asubuhi tulitoka kwetu Waithaka. Baba Neema alivaa koti lake la kanisani. Mnajua ni fundi wa mawe, ana miaka hamsini na sita nami ishirini na tano, na mnakumbuka yaliyosemwa siku ya harusi. Njia nzima alisema neno moja tu, kunionyesha ukuta aliojenga yeye.

Saa mbili tulikuwa Parklands, mahali alipopigwa picha ya mifupa Ijumaa. Msichana wa dirishani alituangalia mmoja mmoja.

"Mzee, huyu ni binti yako?"

"Ni bibi yangu. Na usiniongezee miaka, niliyo nayo yanitosha."

Alicheka, akatupa bahasha kubwa. "Mpelekee daktari hivyo hivyo. Msifungue."

Niliifungua. Ugonjwa huu humpeleka msalani kila mara, na alipokwenda nilibaki na bahasha kwenye benchi. Niliona mifupa yake yote, ya kijivu, mbele na nyuma. Chini ya tumbo palikuwa na doa jeusi kama wino uliomwagika. Kwenye mbavu za kushoto kulikuwa na madoa matatu, yamepangana kama vifungo vya shati. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza kigumu. Niliyoelewa ni ya mbavu tu. Nikajiambia, imefika. Nikairudisha picha kwenye bahasha.

"Mbona umekauka hivyo?" akaniuliza aliporudi.

"Ni baridi."

Na jua lilikuwa linawaka.

Saa tano tulifika katikati ya mji, kwa daktari, ghorofa ya nne. Ni mama wa makamo, mpole. Aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda ambao mimi niliuona kama mwaka.

"Hili doa kubwa la chini lisiwatishe," akasema. "Hiki ni kibofu. Dawa ya picha uliyodungwa Ijumaa hutoka kwa mkojo, kwa hivyo lazima ionekane hapo."

Nikapumua nusu.

"Shida ni haya matatu ya mbavuni. Mzee, umewahi kuanguka, ama kugongwa hapa?"

"Mimi? Hapana, daktari."

"Fikiria vizuri. Hata mwaka jana?"

"Mimi ni fundi. Mimi siangukangi."

Sasa niwaambie kitu ambacho hata ninyi niliwaficha. Mwaka jana, wakati wa mvua ndefu, Baba Neema alipanda paa la kibanda chetu cha kuku kuziba mahali panapovuja, akateleza. Alilala wiki mbili. Wenzake wa kazi aliwaambia ni malaria, nami akaniapisha nisiseme. Fundi wa ghorofa kuangushwa na nyumba ya kuku!

Daktari alishika kalamu. "Basi itabidi tuchukulie kwamba ugonjwa umeanza kutembea."

Mnanijua. Mimi hata chumvi siwezi kuomba kwa nyumba ya watu.

"Alianguka," nikasema.

"Mama Neema, nyamaza."

"Alianguka kwa kibanda cha kuku, mbavu za kushoto. Mimi ndiye nilikuwa namkanda na maji moto."

Daktari aliweka kalamu chini. "Kibanda cha kuku?"

"Kilikuwa kirefu," akasema Baba Neema.

Tulitumwa chini kupiga eksirei ya mbavu. Tulingoja mpaka saa nane. Sijawahi kuombea mume wangu awe amevunjika mifupa, lakini siku hiyo niliomba hivyo kwa moyo wote.

Tuliporudi juu, daktari alituonyesha ile eksirei kwa ncha ya kalamu. "Mbavu tatu zilivunjika, zikajiunga zenyewe. Yale madoa ni mahali zilipojiunga. Sioni ugonjwa kwenye mifupa. Tutautibu pale ulipo." Lakini bado upo. Mwezi ujao anaanza tiba ya mionzi, kisha damu ipimwe kila baada ya muda.

Saa kumi, tukirudi, tuliingia Kenyatta Market kula nyama. Alikula kidogo.

"Utawaandikia wale wa kikundi?"

"Ya saratani ama ya kuku?"

Akanisogezea sahani. "Ya saratani waambie."

Nimewaambia yote mawili. Nimejifunza kwamba daktari huona madoa, lakini hajui nani alianguka wapi. Hayo yako kwetu tunaolala na wagonjwa. Siku ile ningetii, angetibiwa ugonjwa ambao hana.

Bado naogopa. Kama kuna mmoja wenu ambaye mumewe alipitia hiyo mionzi, aniandikie: alikula nini, alilala vipi, ulimwambia nini akikasirika. Hata mistari miwili itanitosha. Na tukija huko Desemba mkikutana naye, tafadhali, kuku msiwataje.