Feza wa Gereza la Wanawake

Usiniulize kama nilikuwa nimelewa. Nilikuwa mzima, ilikuwa saa saba ya mchana, na haya niliyaona kwa macho yangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru wa Kongo, Kalemie bado ikiitwa Albertville. Nilikuwa karani wa biro, ofisi ya serikali, nikatumwa kuandika jinsi gereza la wanawake lilivyoanza. Vitabu vya zamani vilikuwa vimeungua katika vurugu, basi nikamtafuta Papa Kisimba, aliyekuwa polisi pale tangu mwanzo, sasa mlinzi mzee. Alinitolea meza uani. Karibu na ukuta wa jikoni alikuwa ameketi mwanamke mwenye kitenge cha bluu. Nikadhani ni mfungwa.

Papa Kisimba akanieleza kwamba wanawake wa kwanza walifungwa kwa sababu waume zao walitoroka kazi ya lazima ya barabara. Nikamuuliza kama walipigwa. Akasema hapana, walifua na kupika tu.

Nikaandika hivyo. Yule mwanamke akanyanyuka, akaja hadi mezani.

“Papa, sema jina yangu,” alisema polepole.

Mzee akasukuma kiti chake nyuma. “Mimi sikujui, Mama.”

Mkono wa yule mwanamke ulikuwa mtupu, naapa. Lakini alipouinua na kuushusha, shati la mzee lilipasuka mgongoni, damu ikarukia karatasi zangu. Akapiga tena, na tena, bila hasira, kama mtu anayetwanga muhogo. Wewe ungefanya nini? Mimi nilijaribu kumshika. Kitu nisichokiona kikanichapa vidoleni, nikasikia mifupa ikivunjika.

“Feza,” mzee alisema, akiwa chini. “Njo yeye, ni Feza. Alikuwa na mimba. Nilimupiga mpaka akakufa. Tukamuzika pale jikoni.”

Mapigo yakakoma. Uani tulikuwa wawili tu, mimi na mzee. Askari wa mlangoni waliniambia kwamba siku ile gereza halikuwa na mfungwa hata mmoja.

Papa Kisimba alikufa siku ya tatu, amelala kifudifudi. Tulipochimba jikoni tulikuta mifupa ya mtu mzima, na mingine midogo, ya mtoto. Niliandika yote kwa mkono wa kushoto. Mkubwa wangu aliikataa ripoti, akanifukuza kazi. Vidole vyangu vitatu havijanyooka hadi leo.

Kwa hiyo wewe unayetumwa kuuliza habari za mahali kama pale, ukiambiwa hakupigwa mtu, usiwe na haraka ya kuandika. Tazama kwanza ni nani mwingine anayesikiliza.