Historia ya Nekoye, Mistari Iliyorukwa

Miaka ile ya sabini, mtu wa kutoka Magharibi ya Kenya akifia Lindi, Kibera, hakuzikwa Nairobi. Watu walichanga, maiti ikapandishwa basi, ikarudishwa nyumbani. Na haikwenda hivihivi. Ilikwenda na historia, yaani karatasi ya kusomwa kando ya kaburi: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, aliacha watoto gani, aliugua nini. Asiyesomewa historia alionekana amefukiwa tu, hajazikwa.

Mwandishi wa karatasi hizo alikuwa Nabalayo, Mama Lenah, mke wa fundi wa mbao. Alikuwa amemaliza shule ya msingi, na siku hizo kumaliza kulikuwa kumaliza kweli. Herufi zake zilisimama wima kama askari wa gwaride. Ubaya wake mmoja, watu walisema, ni maswali. Wengine wangeandika "alipenda watu" wakaweka kalamu chini. Nabalayo alitaka kujua marehemu alichekeshwa na nini, na akikasirika alikuwa anafanyaje.

"Mama Lenah, siku nikifa usiende kuuliza kwa baa," Khamala mwashi alimtania. "Andika tu nilipenda kanisa."

"Kanisa gani, Khamala? Lile la Kisumu Ndogo linalofunguliwa kwa kizibuo?"

Watu wakacheka, na huku wako matangani.

Basi ndipo akafa Nekoye.

Nekoye na Nabalayo walikuwa wameteka maji mto mmoja tangu utotoni, huko Kimilili. Nairobi iliwatenga kidogo tu: Nekoye alikaa Kawangware kwa Kihara, mtoto wa mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha, na walikuwa wamezaa msichana. Kihara akampa jina la mama yake mwenyewe, Wagaki, kama desturi yao inavyotaka. Mahari ndiyo hakupeleka. Kila Krismasi alikuwa anakwenda, na kila Krismasi hakwenda. Baridi ya mwezi wa saba ikamshika Nekoye kifuani, ikawa nimonia, na hakuinuka tena. Ukoo wake ukasema: ng'ombe hawakutoka, binti ni wetu, atalala kwa baba yake.

Nabalayo aliandika historia hiyo akilia, akifuta, akianza upya. Alipofika mahali pa watoto akaandika: "Ameacha mtoto mmoja, Wagaki, mwenye miaka saba, aliyekuwa hamwachi mamake hata chooni." Kabla basi halijaondoka akamsomea mtoto. Wagaki akataka arudie pale penye jina lake. Akarudia.

Kaburini, aliyeandika hasomi. Husoma mtu wa ukoo, na siku hiyo alikuwa Mzee Wekulo, baba mdogo wa marehemu. Alisoma vizuri, kwa sauti ya kanisani. Kuzaliwa, ubatizo, shule. Alipofika kwa mtoto akakohoa, macho yakashuka mistari miwili, akasema, "Marehemu aliugua kwa muda mfupi."

Wagaki alikuwa ameshika gauni la Nabalayo. "Mama Lenah, si uliniandika?"

"Nilikuandika."

"Mbona hajanisoma?"

Nabalayo akasimama mbele za watu. "Mzee, umeruka."

"Sijaruka, mama. Mtoto ana jina la kina Kihara, na kina Kihara hawajaleta hapa hata mkia wa ng'ombe. Nimsome kama nani?"

"Kama mtoto wa Nekoye."

"Keti chini, mke wa watu. Udongo unangoja."

Udongo ukatupwa.

Walirudi Nairobi. Wagaki akaachwa Kawangware kwa nyanya yake. Hakuwa mwanamke mbaya, lakini mwaka haukuisha kabla Kihara hajaoa mwingine, na jina la Nekoye likakoma kutajwa kwenye ile ploti.

Siku hizi watu wakimuuliza mwandishi alianzaje, hungoja kusikia habari za mwalimu mwema na kabati la vitabu. Nabalayo alianzia kwenye mistari miwili iliyorukwa. Alimwandika Nekoye upya, na safari hii karatasi moja haikutosha. Akahakikisha mtoto yumo katika kila ukurasa, mgongoni, jikoni, sokoni akivuta leso ya mama, ili anayetaka kumruka aruke maandishi yote.

Jumapili baada ya ibada alitembea hadi Kawangware, wakaketi na Wagaki kizingitini, akamsomea. Mwanzoni mtoto alikuwa hakimu mkali.

"Hapana. Mama hakuwa anasema 'njoo hapa mwanangu.' Alikuwa anasema, 'We mtoto, kuja haraka!'"

Nabalayo akasahihisha palepale, karatasi iko gotini. Alimtafuta Ndunge, aliyeuza ndizi karibu na Nekoye, akamuuliza mpaka Ndunge akachoka naye. Alipoishiwa na ya kuuliza, akaanza kutia ya kwake, yale ambayo Nekoye angeweza kuyafanya. Akatunga siku ya mvua, Nekoye amevua viatu, anacheza na mwanawe katikati ya barabara, wapangaji wanapiga makofi. Siku hiyo haikuwako kamwe. Nekoye alichukia matope kuliko nyoka.

Miaka ikaenda. Masahihisho ya Wagaki yakapungua, kisha yakaisha, na Nabalayo akajisifu moyoni kwamba sasa anaandika vizuri. Hata Jumapili moja, msichana akiwa ameanza kuota matiti, akamkatiza.

"Hiyo siku ya mvua naikumbuka. Matope yalimfika hapa." Akagusa kifundo cha mguu wake. "Alinishika na mkono huu."

Nabalayo akautazama ule mkono.

"Na sauti yake, Wagaki? Unaikumbuka?"

"Naikumbuka. Ilikuwa kama yako."

Nekoye alikuwa na sauti nzito, karibu ya mwanamume, akikuita kutoka ng'ambo ya mto ungegeuka. Nabalayo alitaka kusema hivyo. Akamtazama mtoto usoni, akaona amejaa mama yake, ametosheka.

"Endelea basi," Wagaki akasema.

Akaendelea kusoma.