Selpher Aliyechimba Shamba la Jirani

Mwaka 1986 Mwarandu, bwana shamba wa Mwakirunge, alitangaza kwamba serikali itamlipa kila mkulima kifuta jasho kwa kila mita ya kingamaji itakayochimbwa shambani mwake. Kingamaji ni mtaro unaokata mteremko, udongo wake ukirundikwa tuta ili mvua isishushe udongo wa shamba bondeni. Watu walijifunga vibwebwe. Na kwa kuwa walimjua Mwarandu kwa uvivu wa kupanda mlima, wengi walianzia chini, kando ya njia, pale ambapo futi yake ya kupimia ingefika bila taabu.

Selpher Kadzo hakuanzia huko. Mjane huyu alikuwa na ekari mbili za mahindi na mihogo, na kila masika aliliona shamba lake likienda na maji. Siku moja alisimama mvuani, ameloa chapachapa, akayafuata maji kwa macho mpaka yalikotoka: juu, kwa Mzee Nguma, jirani mwenye mguu mbovu asiyeweza tena kushika jembe. Akaona kwamba kuchimba shambani mwake tu ni kujichosha bure.

Lakini Nguma hakuwa mtu wa kuingiliwa shambani. Kwa desturi ya huko mti ni wa aliyeupanda, hata kama ardhi si yake. Shemejiye aliomba kupanda mikorosho mitatu, na miaka ishirini baadaye alikuwa angali anakuja kuivuna, tena bila kubisha hodi.

"Sitapanda mti, baba," Selpher alimwambia. "Hata mpapai. Tutani nitatia nyasi, na nyasi ni za mbuzi wako."

Nguma akauliza: "Na malipo? Bwana shamba huandika jina la mwenye ardhi."

"Aandike lako."

Miezi mitatu alichimba kwa Nguma, majirani wakimcheka kwamba ameolewa na jembe. Mwarandu alipokuja kupima, Nguma aliandikiwa mita mia mbili na kumi, Selpher kumi na nane tu alizochimba kwake. Nguma akaezeka mabati. Selpher akabaki chini ya makuti yanayovuja, na tusidanganyane, ilimuuma. Usiku wa mvua alikuwa akisikia mabati yale yakilia kule juu, akageukia ukutani.

Masika hayo mvua ilikuja kwa hasira. Matuta ya kando ya njia yalizolewa yote, na walioyachimba wakaanza kumlaumu Mwarandu. Mahindi ya Selpher yalisimama, na udongo wake ukabaki kwake.

Baada ya mavuno Nguma alimwita. Selpher alimkuta tutani na wazee wawili wa kijiji, mkononi ana mche wa mnazi.

"Panda," alisema.

Selpher alirudi nyuma hatua moja. "Niliahidi, baba."

"Uliahidi wewe. Mimi sikuahidi kitu. Panda kwa mkono wako, mwanangu, wazee hawa waone mnazi huu ni wa nani."

Selpher alipiga magoti. Mmoja wa wazee alimshikia mche. Alipomaliza kushindilia udongo alisimama, akafuta macho kwa leso, akaanza kushukuru ili aende zake. Nguma akamzuia kwa fimbo, akamwonyesha nyuma ya kichaka: miche mingine kumi ilikuwa inamngoja.