Pikipiki ya Paskali sasa ina siti

Jamani, bado nasubiri mtu anipigie aniambie ni uongo. Paskali wa Gitting tulimzika Jumamosi, na mimi kila nikisikia pikipiki inasimama nje ya duka nainua kichwa.

Na kabla hamjanijazia inbox: hakuanguka na pikipiki. Najua wengi mnataka kusikia ni jiwe gani lilimuua. Ni tumbo. Lilimshika jioni, asubuhi wakampakia kwenye gari kumpeleka hospitali, hakufika. Mtu aliyekuwa anashuka miamba ya Gendabi amesimama wima, ameondoka amelala kwenye siti ya nyuma ya gari la jirani.

Kwa ambao hamkumjua: alilima viazi, akaendesha bodaboda, na kichwani mwake kulikuwa na kitu kimoja tu, trials. Aliiona kwenye simu. Pikipiki haikimbizwi, inapandishwa mawe polepole, na dereva haruhusiwi kuweka mguu chini.

Akaja kwetu Katesh, kwenye duka la speya la baba, ambalo nimekaa nyuma ya kaunta yake tangu nimalize form four. "Dada Rukia, nataka kuigeuza hii." Nikamwambia hiyo ni ya kubebea watu. "Ndiyo maana nataka kuigeuza."

Cha kwanza aling'oa siti. Aisee, nilicheka! Akaniambia, "Ikiwepo utakaa, na ukikaa jiwe linakutupa." Siti akaniachia, nikaiweka juu ya shelfu nyuma ya makopo ya oili.

Sproketi, zile gia za mnyororo, tulichagua pamoja: mbele ndogo, nyuma kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo. Pikipiki ikawa na nguvu ya trekta na mwendo wa kobe. Madereva wa stendi wakamwambia, "Kaka, kuku anakupita." Akawajibu, "Mleteni huyo kuku kwenye mwamba tuone."

Waya wa klachi ndiyo ulinitoa jasho. Alitaka laini, ya kuvutwa kwa kidole kimoja. Alijaribu kila waya uliokuwepo dukani, mmoja mmoja, amefumba macho, wateja wamepanga foleni wanamsema. Alipoupata hakufumbua macho, alitabasamu tu.

Jumapili moja baba alikaa dukani, tukaenda Gendabi kuijaribu. Upepo nilijaza mimi, na nilijaza kama tunavyojaza wote huku: upepo wa gunia, tairi gumu lisilobonyea. Alipougusa mwamba tu pikipiki ikadunda, yeye huyo kwenye vichaka kwa mgongo. Akatoka na miiba kichwani.

"Rukia! Mimi si gunia la viazi!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akapunguza upepo mpaka tairi likabonyea kwa kidole, na safari hii likaushika mwamba.

Halafu akanipandisha mimi. Mimi, ambaye mlima Hanang nauona kila siku kutokea mlangoni na sijawahi kuukanyaga. "Simama. Magoti yalegee. Usitafute pa kukaa, hapapo." Nikapanda jiwe moja, halizidi ndoo kwa urefu. Jiwe moja tu! Nikiwa juu yake niliiona Katesh kule chini, mabati yanang'aa, na sikujua la duka letu ni lipi. Sijawahi kujisikia vizuri hivyo.

Tukakubaliana. Tumalize kuigeuza, ilibaki shokapu ya nyuma tu, tupeleke pikipiki Arusha tukapande mbele za watu. Yeye kwanza, halafu mimi. Baba nilikuwa bado natafuta namna ya kumwambia.

Msibani kila mama niliyekaa naye mkekani aliniuliza, "Na wewe ni nani wake?" Nikasema nauza speya. Hatukuwa wapenzi, acheni hayo. Hatukuwa ndugu. Nilikuwa rafiki yake, na siku hiyo neno hilo lilikuwa dogo mno.

Mama yake nilimfuata jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa dukani? Alikuwa anakutaja kila siku."

Nikalia palepale. Akanishika mkono, hakuuachia.

"Sasa utusaidie. Ile pikipiki uturudishie ilivyokuwa, mdogo wake abebe watu. Hapa nyumbani hatuna kingine."

Ningesema nini? Kwamba nusu ni yangu? Si yangu. Kwamba mwenyewe asingetaka? Mwenyewe hayupo. Nikasema, "Sawa mama."

Leo mdogo wake Emanueli ameileta. Nimeifungua kwa mikono yangu, fundi nilimkatalia. Kila boliti niliyolegeza ilikuwa na ubishi wetu ndani yake. Sproketi nimetoa. Usukani nao aliubadilisha, nimerudisha wa zamani. Mwisho nikapanda kwenye ngazi, nikaishusha siti, nikaifuta vumbi, nikaifunga. Ilikaa vizuri kabisa, na hilo ndilo lililoniuma.

"Dada, jaza upepo wa kutosha," Emanueli akasema. "Kesho nashusha viazi."

Nikajaza. Upepo wa gunia, Paskali. Mimi huyuhuyu.

Alipovuta klachi akashangaa. "Mbona laini hivi?"

"Hiyo iache."

Katika yote haya ndicho kitu pekee nilichoweza kukataa. Akakaa, akawasha, akaondoka zake kuelekea Gitting.

Lala salama, Paskali, wewe uliyekataa kukaa. Mimi nimerudi kwenye kiti changu nyuma ya kaunta, baba ananiuliza oili zimebaki ngapi, na kila nikigeuka kuzihesabu napaona pale siti yako ilipokuwa.